Mkaguzi Alipita, Mlango Ukabaki Umefungwa: Kisa cha moto wa Triangle na chama kilichozaliwa baada yake

Tarehe 14 Oktoba 1911, wakaguzi 62 wa bima za ajali waliunda chama jijini New York. Wakakiita United Association of Casualty Inspectors. Hawakuwa viongozi wa wafanyakazi wala watumishi wa serikali. Kazi yao ilikuwa kuingia viwandani kwa niaba ya kampuni ya bima, kutazama mashine, mikanda, ngazi na milango, kisha kuandika ripoti ya kuiwezesha kampuni kujua inabeba hatari gani na itoze ada kiasi gani. Chama hicho leo kinaitwa American Society of Safety Professionals, kwa kifupi ASSP. Kina wanachama zaidi ya 35,000 katika nchi nyingi, na chenyewe huutaja moto wa kiwanda cha Triangle, uliotokea miezi isiyotimia saba kabla ya kikao kile, kuwa ndio uliowasukuma waasisi wake.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kwa mkato: watu waliungua, umma ukazinduka, wataalamu wakajipanga. Mkato huo unaruka jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kusomwa na kila afisa usalama. Kiwanda cha Triangle kilikuwa kimekaguliwa. Miaka miwili kabla ya moto mtaalamu aliyetumwa kwa ajili ya bima alipita humo, akaona, akashauri. Ushauri wake ulikuwa sahihi. Haukuokoa hata mtu mmoja.

Jengo na ufunguo

Jengo lenyewe, Asch Building, lilikamilika mwaka 1901 kwenye kona ya Washington Place na Greene Street, Manhattan. Bado lipo, siku hizi ni mali ya Chuo Kikuu cha New York na linaitwa Brown Building. Lilisifiwa kuwa haliungui, na sifa hiyo ilikuwa ya kweli kwa maana finyu: baada ya moto kuta na nguzo zilibaki zimesimama, na kilichoteketea ni vyote vilivyokuwa ndani yake, watu wakiwemo. Urefu wake ulikuwa futi 135. Sheria ya ujenzi ya jiji ilikataza sakafu na fremu za mbao katika majengo yanayozidi futi 150, kwa hiyo hapa mbao zikaruhusiwa.

Kwa ukubwa wa sakafu zake, jengo lilitakiwa kuwa na ngazi tatu. Lilijengewa mbili. Msanifu aliomba ngazi ya chuma iliyobandikwa kwa nje, upande wa uani, ihesabiwe kuwa ya tatu, akakubaliwa. Ngazi hiyo ilishuka hadi juu ya paa la kioo na kuishia hapo. Mkaguzi wa michoro katika idara ya majengo aliliona hilo mapema, akaandika kwamba lazima ifike kwenye kitu imara kuliko kioo. Msanifu akaahidi kurekebisha. Miaka kumi baadaye ahadi ilikuwa bado ni ahadi.

Milango ya ngazi ilifunguka kwa ndani. Sheria ya kazi ya jimbo la New York ilitaka milango ya viwanda ifunguke kwa nje pale inapowezekana, na kwa kuwa nafasi kati ya mlango na ngazi ilikuwa nyembamba, ilionekana haiwezekani. Sheria hiyohiyo ilikataza mlango kufungwa kwa ufunguo au komeo saa za kazi. Katazo hilo lilikuwepo kabla ya moto. Nalitaja mapema kwa sababu wengi hudhani moto ndio ulioleta sheria ya kutofunga milango. Sheria ilikuwepo, ufunguo pia ulikuwepo.

Triangle ilichukua ghorofa tatu za juu, ya nane, ya tisa na ya kumi, na ilishona blauzi za kike zilizokuwa mtindo wa wakati huo. Wamiliki, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa wahamiaji waliopanda kutoka chini hadi wakaitwa wafalme wa blauzi. Siku ya moto jengoni walikuwemo wafanyakazi wapatao 500, wengi wao wasichana wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki na wa Kiitaliano, baadhi wakiwa na miaka 14 tu. Jioni, wafanyakazi walitakiwa kutoka kwa mlango mmoja, ule wa Greene Street, wakipita kwenye uchochoro mwembamba ambako mlinzi alifungua mikoba yao kutazama kama hawajaficha blauzi au kipande cha kitambaa. Ili utaratibu huo ufanye kazi, mlango wa pili, wa Washington Place, ulifungwa.

Je, wizi huo ulikuwa wa kiasi gani? Mahakamani Harris aliulizwa thamani ya vitu vyote walivyowahi kuwakamata navyo wafanyakazi. Alikiri kwamba haikuzidi dola 25.

Jumamosi jioni

Moto ulianza tarehe 25 Machi 1911 yapata saa kumi na dakika arobaini jioni, dakika chache kabla ya kengele ya kufunga kazi. Ulianzia ghorofa ya nane, kwenye pipa la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, pengine kwa kiberiti au kipande cha sigara. Kuvuta sigara kulikatazwa, na wakataji walivuta. Mabaki yalikuwa yamelimbikizwa tangu Januari, mnunuzi wake alipoyachukua mara ya mwisho, na juu ya meza zilining'inia karatasi nyepesi za vipimo zilizofungwa kwenye waya. Ndoo za maji hazikufua dafu. Mpira wa maji ukafunguliwa, maji hayakutoka.

Ghorofa ya nane ilipata kuokoka kwa sehemu kubwa: watu waliuona moto ulipoanza, na fundi mmoja alifanikiwa kuufungua mlango wa Washington Place. Ghorofa ya kumi, kwenye ofisi za wamiliki, ilipigiwa simu kutoka ya nane. Wote huko isipokuwa mmoja walipanda paani, na wanafunzi wa sheria wa jengo la jirani wakawashushia ngazi za mbao kuwavusha. Blanck na Harris walitoka kwa njia hiyo.

Ghorofa ya tisa haikuambiwa chochote. Simu ya kutoka ya nane kwenda ya tisa ilipaswa kuunganishwa na opereta wa ghorofa ya kumi, na opereta alikuwa ameshakimbia. Huko walikuwako watu wapatao 250, wamekaa kwenye safu ndefu za cherehani zilizobanana, viti na vikapu vikiziba vijia. Waliopata ngazi ya Greene Street mapema walitoka. Waendesha lifti wawili walipanda na kushuka mara kadhaa katika moshi hadi lifti zikashindwa, na wengi walionusurika katika ghorofa hiyo wanadaiwa na watu hao wawili. Ngazi ya chuma ya nje ilijikunja chini ya uzito wa watu na joto, ikawaangusha. Magari ya zimamoto yalifika upesi, lakini ngazi zao ziliishia ghorofa ya sita. Nyavu za kudakia zilipasuka.

Chini ya nusu saa mambo yalikuwa yamekwisha. Walikufa watu 146: wanawake na wasichana 123, wanaume 23. Sehemu kubwa walikuwa wa ghorofa ya tisa.

Kwa mtazamo wa fani, moto huu hauna fumbo. Mabaki yasiyoondolewa, sigara, maji yasiyotoka, taarifa isiyofika, mlango uliofungwa, njia ya kutokea isiyofika chini. Kila kimoja kilijulikana wakati huo kuwa ni hatari, na vinyunyizio vya maji vya darini vilikuwa vimeshatumika kwa miongo katika viwanda vya nguo vya New England. Ndiyo maana sitaki kukaa sana kwenye sababu za kiufundi. Swali lenye uzito ni kwa nini watu waliojua hawakuweza kufanya lolote.

Walioona kabla

Orodha yao ni ndefu kidogo. Mwezi Novemba 1910 kiwanda kiliungua Newark, ng'ambo ya mto katika jimbo la New Jersey, wakafa wafanyakazi wanawake zaidi ya 20. Mkuu wa zimamoto wa New York, Edward Croker, alionya kwamba jiji lake lina majengo ambamo maafa kama hayo, au makubwa kuliko hayo, yanaweza kutokea siku yoyote. Wafanyakazi wenyewe waliona. Triangle kilikuwa katikati ya mgomo mkubwa wa washonaji wa mwaka 1909 ulioitwa Uasi wa Elfu Ishirini, na kampuni ilikuwa miongoni mwa zilizokataa katakata kuutambua umoja wa wafanyakazi.

Mwaka huohuo wa 1909 ndipo alipopita mtu wa bima. Kampuni zilizobeba bima ya moto ya Triangle zilimtuma mtaalamu wa kuzuia moto, P. J. McKeon, aliyefundisha somo hilo Chuo Kikuu cha Columbia. Alishtushwa na wingi wa watu ghorofa za juu, akaambiwa kwamba mlango mmoja hufungwa ili kuwadhibiti wasichana, akaona kwamba wafanyakazi hawajawahi kufanyishwa zoezi la kujiokoa. Alipendekeza zoezi lianzishwe, akamtaja mtu wa kulisimamia: mhandisi H. F. J. Porter, bingwa wa mazoezi ya moto viwandani wakati ule. Porter akawaandikia barua wamiliki. Hakujibiwa.

Hebu tutazame pale ripoti ya McKeon ilipokwama. Alitumwa na bima, akaripoti kwa bima. Bima haikuwa na sababu ya haraka ya kumbana mteja. Madalali wa bima walilipwa asilimia ya ada, maana yake ada ikiwa kubwa kwa sababu ya hatari, dalali anapata zaidi. Ushindani kati ya kampuni ulikuwa mkali: mkaguzi akizidi ukali, mteja anahamia kwa mwingine ambaye mkaguzi wake ana jicho la huruma. Blanck na Harris waliwahi kuunguliwa mara kadhaa, daima viwanda vikiwa havina watu, na bado walipata bima, nono kuliko mali yao. Baada ya moto wa 1911 walilipwa takriban dola 60,000 zaidi ya hasara waliyoweza kuithibitisha. Ukigawa kwa waliokufa, ni kama dola 400 kwa kila mtu. Familia zilizofungua madai zilimalizana nao mwaka 1914 kwa dola 75 kwa kila marehemu.

McKeon alikuwa na elimu, alikuwa na ukweli, na alikuwa peke yake.

Upo mfano wa wakati uleule unaoonyesha kwamba ukaguzi ungeweza kupangwa vingine. Mwaka 1910 mgomo wa washonaji wa makoti ulimalizwa kwa makubaliano yaliyozaa bodi ya pamoja ya usafi na usalama, Joint Board of Sanitary Control, yenye wawakilishi wa waajiri, wafanyakazi na umma. Mkaguzi wake mkuu, daktari George Price, alikagua karakana akijibu kwa pande zote tatu. Karakana iliyokaidi iliweza kugomewa. Viwanda vya blauzi havikuwemo katika makubaliano hayo, na Triangle kama tulivyoona ilikuwa imeupa mgongo umoja wa wafanyakazi. Kwa hiyo katika jiji moja, mwaka mmoja, kulikuwa na ukaguzi wenye meno na ukaguzi usio na meno, na tofauti haikuwa elimu ya mkaguzi.

Miezi saba

Sadfa moja ya kisheria huwa haisemwi vya kutosha. Tarehe 24 Machi 1911, siku moja kabla ya moto, mahakama ya juu kabisa ya New York iliamua kesi ya Ives dhidi ya kampuni ya reli ya South Buffalo na kuifuta sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Majaji walisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Bila sheria hiyo, aliyeumia kazini alirudi kwenye utaratibu wa zamani: athibitishe uzembe wa mwajiri, na hata akithibitisha, mwajiri anaweza kujitetea kwamba mfanyakazi naye alizembea, au mwenzake ndiye aliyekosea, au aliikubali hatari alipoikubali kazi. Ajali ilikuwa rahisi kwa mwajiri. Ukaguzi wa ajali nao ukawa rahisi kupuuzwa.

Baada ya moto mambo yalikwenda mbio. Tarehe 2 Aprili ulifanyika mkutano mkubwa katika ukumbi wa Metropolitan Opera House, na kutoka mkutano ule ikaibuka kamati ya usalama ya raia. Mwezi Juni bunge la jimbo liliunda tume ya kuchunguza viwanda, Factory Investigating Commission, mwenyekiti akiwa seneta Robert Wagner na makamu wake Alfred Smith. Frances Perkins, aliyekuwa jirani na eneo la tukio siku ile na kuwaona watu wakiruka, alikuwa miongoni mwa waliowaongoza wanasiasa hao kuingia viwandani wenyewe. Alisimulia baadaye jinsi seneta Wagner alivyotakiwa kupenya kwenye tundu dogo la ukutani ili ajionee ngazi ya dharura iliyofunikwa na barafu. Tume iliwachukua Porter na Price kuwa wataalamu wake. Yule ambaye barua yake haikujibiwa mwaka 1909 sasa aliandika ripoti zenye nguvu ya bunge nyuma yake. Zaidi ya sheria 30 zilitokana na kazi ya tume hiyo: mazoezi ya kujiokoa, vinyunyizio katika majengo marefu yenye watu wengi, mapipa ya mabaki yasiyoshika moto, usajili wa viwanda.

Oktoba 1911, mwezi wakaguzi wa bima walipounda chama chao, ndio mwezi New York ilipopata sheria iliyoipa idara ya zimamoto mamlaka ya kuzuia moto badala ya kuuzima tu. Haya yalikwenda sambamba, na nadhani kukisoma chama bila kuyatazama ni kukionea au kukisifu mno.

Kwa nini basi wakaguzi wa kampuni zinazoshindana wakae pamoja? Kwa jinsi ninavyolisoma tukio, chama kilijibu tatizo la McKeon kwa nusu. Mkaguzi mmoja akisema mlango huu ni hatari, mteja humtafuta mwingine. Wakaguzi wote wa jiji wakikubaliana mlango wa namna hiyo ni hatari, mteja hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kilichohitajika mwanzo kilikuwa kipimo cha pamoja: nini kihesabiwe kuwa kinga ya kutosha kwenye mkanda wa mashine, ngazi iwe na upana gani, ripoti ijibu maswali gani. Kilihitajika pia kijiwe cha kubadilishana maarifa, maana fani haikuwa na chuo wala vitabu vya maana. Mkaguzi aliyeona boila ikipasuka Brooklyn alikuwa na la kumwambia mwenzake wa Bronx.

Nusu ya pili, ile ya nani anasoma ripoti, chama hakikuigusa. Kisingeweza. Wanachama wake walikuwa waajiriwa wa bima.

Fidia ndiyo iliyokijaza chama watu

Katiba ya New York ilirekebishwa mwaka 1913 kuruhusu fidia, na sheria mpya ikaanza kazi 1914. Majimbo mengine yalikuwa yameanza. Sheria ya Wisconsin ilipitishwa Mei 1911. Hapo hesabu ikageuka. Kila kidole kilichokatika sasa kilikuwa na bei, awe mwenye kosa ni nani. Bima ililipa, ikapandisha ada ya kiwanda chenye ajali nyingi na kushusha ya kilichoweka kinga. Mkaguzi aliyekuwa mtu wa kuandika ripoti ya kabati akawa mtu ambaye maneno yake yanamfikia mhasibu wa mwenye kiwanda. Viwanda vikubwa vikaanza kuajiri watu wao wenyewe wa usalama.

Chama kikafuata mkondo huo. Kufikia 1915 kilikuwa kimebadili jina kuwa American Society of Safety Engineers, likiwa na mlango mpana kuliko wa wakaguzi wa bima pekee. Mwaka 1924 kiliingia ndani ya National Safety Council, baraza lililoanzishwa 1913, kikawa kitengo chake cha uhandisi, na mwaka 1947 kikajitoa na kusimama tena chenyewe. Miaka hiyo ya katikati siioni kuwa na mengi ya kusimulia. La maana ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini fani ya usalama ilikaa chini ya paa la taasisi iliyotegemea sana waajiri.

Asili ya bima iliacha alama katika fikra pia. Mtu aliyeathiri fani hii kuliko wengine wote kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa H. W. Heinrich, wa kitengo cha uhandisi na ukaguzi cha kampuni ya bima ya Travelers. Kutokana na mafaili ya madai, alihitimisha kwamba asilimia 88 ya ajali zinatokana na matendo yasiyo salama ya watu. Takwimu hiyo ilifundishwa kwa miongo, na bado utaikuta kwenye slaidi za mafunzo Nairobi na Dar es Salaam. Imekosolewa sana, na kwa haki: mafaili yale yalijazwa zaidi na wasimamizi, na msimamizi akiulizwa chanzo cha ajali ni nadra kujiandika mwenyewe. Tuupime moto wa Triangle kwa kipimo hicho. Aliyetupa sigara alifanya tendo lisilo salama, naam. Lakini kama mlango wa ghorofa ya tisa ungekuwa wazi na simu ingefika, sigara ileile ingeacha hasara ya vitambaa na pengine watu wachache wenye majeraha.

Baada ya sheria ya shirikisho ya usalama na afya kazini, iliyosainiwa tarehe 29 Desemba 1970, uzito ulihamia kwa serikali, na kazi ya chama ikawa zaidi ya kuwaandaa watu na kuandika viwango. Kabla kidogo, mwaka 1969, kilisaidia kuzaliwa kwa bodi huru ya kuwapima na kuwapa vyeti wataalamu wa usalama, ili mtu asijiite mtaalamu kwa kuvaa kofia ngumu tu. Kinasimamia pia viwango vya Marekani vya kuzuia watu kuanguka kutoka juu, mfululizo wa Z359, ambavyo mikanda mingi ya kupandia inayouzwa duniani imeandikwa namba zake. Mwaka 2018 wanachama walibadili tena jina, likawa hili la sasa, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wahandisi.

Ripoti ni ya nani

Nikirudi kwenye kisa chenyewe: je, chama kama hiki kingekuwepo mwaka 1909, Triangle ingepona? Kwa maoni yangu, pengine isingepona. McKeon hakukosa kipimo wala maarifa. Alikosa njia ya kuipeleka ripoti yake kwa mtu mwenye sababu ya kuifanyia kazi: zimamoto, umoja wa wafanyakazi, gazeti, au wale wasichana wenyewe.

Hata sheria pekee haikutosha. Blanck na Harris walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakaachiwa huru tarehe 27 Desemba 1911, kwa kuwa wakili wao Max Steuer alilitia shaka jopo la raia walioamua kesi kama wamiliki walijua kwamba mlango ulikuwa umefungwa saa ileile. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena. Katika kiwanda chake kipya mkaguzi alikuta mlango umefungwa kwa mnyororo, watu wapatao 150 wakiwa ndani. Alitozwa faini ya dola 20.

Msomaji wa Kenya atalitambua tatizo la ripoti hata bila kufika Manhattan. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi kufanyiwa ukaguzi kamili angalau mara moja kila miezi 12, na mshauri aliyesajiliwa. Mshauri huyo huajiriwa na kulipwa na yuleyule anayekaguliwa. Sisemi kwamba ni kesi ya nyani kupelekewa hakimu ngedere. Wako washauri wanaoandika bila kupepesa macho na kupoteza wateja kwa sababu hiyo. Lakini wanapoteza mmoja mmoja, kama alivyokuwa McKeon. Hapo ndipo chama cha wataalamu cha hapa kwetu kingepaswa kupimwa: mwanachama aliyefukuzwa na mteja kwa kuandika ukweli anapata nini kutoka kwa wenzake? Na mwanachama aliyekwenda kuichukua kazi ileile kwa ripoti laini anafanywa nini? Semina na vyeti vya mahudhurio ni sehemu rahisi ya kazi.

Mambo haya hayajapitwa na wakati. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua Karachi, Pakistani, wakafa zaidi ya watu 250, wengi wakiwa wamekwama nyuma ya njia zilizofungwa na madirisha yenye nondo. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Wakaguzi walikuwa wamepita.

Mwaka uliofuata, Aprili 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka nchini Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100. Mkataba uliotiwa saini mwezi Mei kati ya makampuni ya mavazi na vyama vya wafanyakazi, unaojulikana kama Accord, ulileta kile ambacho wakaguzi 62 wa New York hawakuwa na uwezo wa kukileta. Wakaguzi hawakuchaguliwa na mwenye kiwanda. Ripoti ya kila kiwanda ilichapishwa hadharani, na tarehe ya mwisho ya kurekebisha kila kasoro. Kampuni ya mavazi iliyokiuka mkataba iliweza kupelekwa kwenye usuluhishi wenye nguvu ya kisheria. Viwanda zaidi ya 1,600 vilipitiwa kwa utaratibu huo, na miongoni mwa marekebisho ya kwanza yaliyodaiwa kila mahali ni kuondoa kufuli na mageti ya kukunja kwenye njia za kutokea.